Nyota wa vichekesho, kiti cha mwongozaji na kamera shingoni: yanayosemwa na yalivyo

Mwigizaji akishapata jina kwa kichekesho kilichopendwa, kila mtu huwa na ushauri wa kumpa. Akisema anataka kuongoza, ushauri unazidi. Akionekana na kamera shingoni, hapo hata jirani anageuka mtaalamu. Mengi yanayosemwa hurudi kwenye swali moja: je, ana kipaji cha kutosha kazi tatu, yaani kuigiza, kuongoza na kupiga picha? Mimi naona swali hilo limekaa upande. Kazi hizi hazigombei kipaji, zinagombea siku.

Dhana iliyokomaa kuliko zote ni kwamba kichekesho kitamfungia mlango wa uongozaji, kwa kuwa hakuna atakayemchukulia kwa uzito. Historia ya sinema inaikataa. Charlie Chaplin alionekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza Februari 1914, na kabla ya nusu ya mwaka huo kwisha alikuwa anajiongoza mwenyewe. Mwigizaji Penny Marshall aliongoza baadhi ya vipindi vya mfululizo uleule wa vichekesho vya televisheni uliompa jina; baadaye filamu yake ya pili, Big ya mwaka 1988, ikawa ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kuvuka dola milioni 100 za mauzo ya tiketi nchini Marekani. Jordan Peele alifunga mfululizo wake wa vichekesho 2015, na filamu yake ya kwanza kuongoza, tena ya kutisha, ikatoka 2017 na kumpa Oscar ya uandishi.

Sababu si bahati. Kichekesho ni shule kali. Chukua mtu anayefungua mlango, akakuta chumba kimejaa watu waliomnyamazia, akaufunga polepole. Kamera ikikaa karibu mno, hatuwaoni wale watu, na kicheko hakipo. Mhariri akikata pumzi moja mapema, hatuuoni uso wake ukielewa, na kicheko hakipo tena. Aliyecheza mambo ya namna hii misimu mitatu amejifunza lenzi na uhariri bila kuketi darasani.

Kinachombana ni kalenda. Mkataba wa mfululizo kwa kawaida humpa mtayarishaji haki ya kumwita msimu ujao kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata ndevu zake si zake: huenda onyesho likarudiwa miezi miwili baadaye, na lazima afanane na siku ile. Ndiyo maana wengi waliofanikiwa hawakuacha kuigiza ghafla, waliuza uigizaji ili wanunue nafasi. Ron Howard, akiwa bado kwenye mfululizo wa vichekesho uliompa umaarufu, alikubali kuigiza katika filamu ya mtayarishaji Roger Corman ili naye apewe ya kuongoza. Aliipata, ikatoka 1977, naye akaigiza ndani yake. Mfululizo wake aliuacha 1980.

Hapo ndipo watu huja na lao: "Basi si bora ajiongoze mwenyewe, apunguze mtu mmoja?" Hapunguzi, anaongeza. Mtazame katikati ya onyesho. Mwenzake anasema mstari wake, na yeye, badala ya kumsikiliza, macho yanampanda hadi paji la uso la mwenzake: kivuli kimeingia. Ni sekunde moja tu, lakini kamera imeiona, na teki, yaani mrekodio ule mmoja wa onyesho, imeharibika. Akimaliza itabidi aende kwenye monita ajitazame, maana alipokuwa anaigiza hakuna aliyekuwa anaongoza. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kusimama mahali pake taa zikipangwa, mwongozaji msaidizi mwenye kauli, na angalau mtu mmoja asiyeogopa kumwambia, "Hiyo haichekeshi." Huyo wa mwisho ndiye adimu, kwa sababu watu huwa wepesi kumchekea bosi.

Tuje kwenye kamera ya picha. Wanasema jicho ni lilelile, mpiga picha mzuri atakuwa mwongozaji mzuri. Ukweli upo, ila nusu. Waongozaji wawili ni mfano: Stanley Kubrick alianza akiwa mpiga picha wa jarida, na Agnès Varda alipiga picha za jukwaa la maigizo kabla ya kuingia kwenye filamu. Lakini mpiga picha husimamisha kamera wima au kulala apendavyo, wakati fremu ya sinema kwa kawaida imelala na itabaki imelala. Mpiga picha huchagua kasi yoyote ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Filamu ya fremu (picha mojamoja) 24 kwa sekunde mara nyingi hubaki karibu na sehemu ya 48 ya sekunde, la sivyo mwendo unaonekana kurukaruka au kuburuzika. Zaidi ya hayo, picha inabeba kitambo kimoja. Kicheko huhitaji viwili, cha kutegemea jambo na cha kulikosa. Sijawahi kuona fremu nzuri ikiokoa utani uliokatwa vibaya.

Picha zina faida nyingine ambayo haisemwi: hazimhitaji mtu mwingine. Mwigizaji husubiri aitwe. Mwongozaji huulizwa maswali kutwa nzima, hata rangi ya kikombe. Mwenye kamera anatoka peke yake saa kumi na moja alfajiri, na akikosea hakuna aliyepoteza mshahara. Kwa hiyo picha huenea kwenye nyufa za ratiba ambako filamu haiingii.

Ila asidhani seti, mahali filamu inaporekodiwa, ni uwanja wake wa kujipigia picha. Mikataba mingi hukataza kusambaza picha za seti bila idhini, mlio wa shata huingia kwenye sauti, na mwenzako anayejaribu kulia hataki kuona lenzi nyuma ya taa. Mwigizaji Jeff Bridges amepiga picha kwenye seti kwa miongo kadhaa kwa heshima zake, akitumia Widelux, kamera ambayo lenzi yake huzunguka na kufagia eneo pana, kisha huwatengenezea wenzake wa kazi vitabu vya picha hizo. Mwigizaji Jason Lee, aliyejulikana sana kwa vichekesho, alichapisha kitabu cha picha zake za Texas mwaka 2018.

Je, mashabiki humfuata mtu kote anakokwenda? La. Wengi walimpenda mhusika, na mhusika hapigi picha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Harold Lloyd, nyota wa vichekesho vya filamu zisizo na sauti. Mwaka 1919, akiwa anapigwa picha za matangazo, aliwasha sigara kwa utambi wa bomu lililodhaniwa la bandia. Likalipuka. Alipoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Miaka minne baadaye alining'inia kwenye saa ya jengo refu mbele ya kamera, mkono umevikwa glavu yenye vidole vya bandia, na watu wakacheka bila kujua. Alipopunguza kuigiza akanunua kamera ya picha za pande tatu (3D), akapiga maelfu kwa maelfu, kwa mkono uleule.