Je, wajua kwa nini wapigakura wa Modakurichi walipewa kitabu badala ya karatasi ya kura?

Tamil Nadu, kusini mwa India, ina bunge lake lenye viti 234, na kila kiti kina jimbo lake la uchaguzi. (Kiswahili kinatumia neno jimbo kwa Tamil Nadu yenyewe na kwa eneo la mbunge mmoja, hapa nalitumia kwa maana hii ya pili tu.) Modakurichi ni mojawapo ya majimbo hayo. Liko katika wilaya ya Erode, nchi ya wakulima inayojulikana kwa manjano (kile kiungo cha chakula) na nguo, na kwa miaka mingi halikuwa na la kulitofautisha na majirani zake. Mwaka 1977 lilimchagua Subbulakshmi Jagadeesan kwa tiketi ya chama cha AIADMK, naye akaingia katika serikali ya Tamil Nadu iliyoongozwa na M. G. Ramachandran akiwa waziri. Baadaye alihamia kwa wapinzani wao wakubwa, DMK.

Kilicholitoa jimbo hili gizani ni uchaguzi wa 1996, ambapo majina 1,033 yalijitokeza kuwania kiti kimoja. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima waliojiandikisha kama wagombea binafsi, si kwa tamaa ya ubunge, bali kwa kuona kwamba madai yao yalikuwa yakipuuzwa na serikali mwaka baada ya mwaka. Wangeweza kususia kura, lakini mgomo wa namna hiyo hauzuii mshindi kutangazwa, na siku ya pili hakuna anayeukumbuka. Mgombea, kinyume chake, ni mtu ambaye ofisi ya uchaguzi haina budi kumhudumia: jina lake lichapishwe, apewe alama yake na kura zake zihesabiwe, hata kama hana kura hata moja. Wakulima wale waliugeuza wajibu huo kuwa silaha. (Msomaji wa Tanzania huenda akatabasamu hapa, maana kwake mgombea wa ubunge sharti adhaminiwe na chama, na mbinu hii ingekwama mlangoni.)

Gharama nayo ilikuwa ndogo. Dhamana ya mgombea wa bunge la Tamil Nadu ilikuwa rupia 250, kwa hiyo watu elfu moja walihitaji rupia 250,000 kwa jumla, fedha ambayo wakulima wakichangishana wanaimudu. Waliijua pia kuwa imekwenda, kwa kuwa sheria ya India humrudishia dhamana yule tu anayepata zaidi ya sehemu moja ya sita ya kura halali.

Fikiria basi kazi ya msimamizi wa kituo. Wakati huo Modakurichi ilipiga kura kwa karatasi: mpigakura hupewa karatasi yenye majina na alama, hugonga mhuri wa mpira kwenye alama anayoitaka, huikunja na kuitumbukiza sandukuni. Majina 1,033 hayaenei kwenye karatasi moja, hivyo kura ikachapishwa kama kitabu, na upigaji kura ukasogezwa mbele kwa takriban mwezi mmoja ili maandalizi yakamilike. Ugumu uliongezwa na kanuni ya zamani iliyopanga majina yote kwa alfabeti bila kujali chama, kiasi kwamba mtu aliyekuja kuchagua jua linalochomoza, alama ya DMK, ilimbidi afunue kurasa hadi alione mahali lilipofichwa na alfabeti.

Aliyeshinda ni yuleyule Subbulakshmi Jagadeesan, safari hii kwa DMK, katika mwaka ambao chama chake kilikuwa kikifagia karibu Tamil Nadu yote. Wagombea 88 hawakupata kura hata moja. Jambo hilo linashangaza mpaka ukumbuke kwamba mgombea wa bunge hilo anaweza kuwa mpigakura wa jimbo jingine lolote la Tamil Nadu, hivyo si lazima awe na haki ya kujipigia mwenyewe.

Mwaka huohuo sheria ya uchaguzi ya India ilirekebishwa, na Modakurichi haikuwa peke yake iliyosababisha hayo, kwani katika uchaguzi wa bunge la taifa wa 1996 jimbo la Nalgonda lilikuwa na wagombea 480 katika maandamano yanayofanana na haya. Dhamana ya bunge la Tamil Nadu ilipandishwa kutoka rupia 250 hadi 5,000. Mgombea asiye wa chama kinachotambuliwa akatakiwa kupendekezwa na wapigakura 10, na wagombea wa vyama vinavyotambuliwa wakatangulizwa kwenye karatasi ya kura. Kwa maoni yangu lilikuwa jibu la kihasibu: mlango haukufungwa, ila kiingilio kilipandishwa.

Kwamba haukufungwa kulionekana Nizamabad, huko Telangana, mwaka 2019. Wagombea 185 waliwania kiti cha bunge la taifa, 178 kati yao wakiwa wakulima waliodai bodi ya kusimamia zao la manjano na bei nzuri, ingawa dhamana ilikuwa imefika rupia 25,000 kwa kila mmoja. Safari hii hakikuchapishwa kitabu. Kila kituo kiliunganishiwa vibao 12 vya mashine ya kura, kila kimoja kikiwa na nafasi 16. Bodi ya manjano ilizinduliwa Januari 2025, makao yake makuu yakiwa Nizamabad.

Modakurichi yenyewe iliendelea kubadilisha mikono. Mwaka 2021 Subbulakshmi Jagadeesan aligombea tena, akashindwa na C. Saraswathi wa chama cha BJP kwa tofauti ya kura 281, katika uchaguzi ambao BJP ilipata viti vinne tu Tamil Nadu nzima.