Hakuna Picha Rasmi ya Nembo Yako

Mteja mwingine ameniletea ujumbe uleule: "Naomba urudie mkia wa simba, haufanani na wa kwenye picha halisi." Picha halisi! Kwa sababu ya hiyo picha halisi mimi mchoraji wa nembo za ngao nimeamua kupunguza kazi za watu binafsi, na kwa kuwa wengine mnauliza kama naumwa, nieleze mara moja yaishe.

Kinachomilikiwa kwenye nembo ni blazoni, yale maneno yanayoeleza ngao ina rangi zipi na alama zipi. Mamlaka ya nembo, iwe College of Arms ya London au ofisi ya Lord Lyon kule Edinburgh, ikikupa nembo, haki yako imo kwenye maandishi. Mchoro mzuri uliopambwa juu ya hati ni namna moja tu ya kuyasoma, kazi ya mchoraji aliyepangiwa. Chukua ngao ya taifa la Kenya: juu nyeusi, chini kijani, katikati ukanda mwekundu wenye kingo nyeupe (rangi haikai juu ya rangi bila metali, yaani njano ya dhahabu au nyeupe ya fedha, kuzitenganisha), na kwenye ukanda jogoo mweupe aliyeshika shoka kwa mguu wa kulia. Mkia wa jogoo una manyoya mangapi? Mpini wa shoka una urefu gani? Maneno yamenyamaza. Wachoraji kumi waliobobea watakupa majogoo kumi, na kwa macho ya fani yetu wote wako sawa.

Hata zamani ilikuwa hivyo. Bamba la enameli la Geoffrey Plantagenet, mtawala wa Anjou, lililoko Le Mans, Ufaransa, la katikati ya karne ya 12, lina ngao ya buluu yenye simba wadogo wa dhahabu. Mjukuu wake William Longespée, aliyefariki mwaka 1226, amelala kwa sanamu ya kaburi ndani ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, na ngao yenye simba haohao. Wamechorwa kwa mikono tofauti, na hakuna aliyeuliza wa babu na wa mjukuu ni wapi walio halisi.

Kuhusu "nembo ya jina la ukoo" sirudii. Nembo hupewa mtu, wakairithi wazao wake. Anayekuuzia nembo ya jina lako mtandaoni anakuuzia ya mtu mwingine. Polandi wana utaratibu wao wa familia nyingi kutumia nembo moja, najua, msinirushie mawe.

Sasa lile linalonikera zaidi. "Nimelipia rangi ya fedha, umenipaka nyeupe." Kwenye fani hii fedha na nyeupe ni kitu kimoja, na sababu yake utaiona mezani. Jani la fedha halisi likikutana na salfa iliyomo hewani linakuwa jeusi. Tazama hati za kale zilizopambwa hivyo: ngao iliyokusudiwa kumeta imebaki na rangi ya masizi, na mara nyingine doa limepenya hadi upande wa pili wa ukurasa. Dhahabu haina tabia hiyo. Natandaza jeso, ule mchanganyiko wa plasta na gundi, naikwangua hadi iwe laini, naipulizia pumzi kupitia kijibomba mpaka inate, nalaza jani, halafu nalisugua kwa jiwe la akiki. Likishashika, mjukuu wa mjukuu wako atalikuta linang'aa. Kwa upande wa fedha wenzangu hutumia paladi au alumini, nazo zinadumu, lakini zina kijivu fulani cha bati ambacho mimi sikipendi. Kando ya dhahabu iliyosuguliwa vizuri, guashi nyeupe, ile rangi nzito ya maji, inawaka kuliko hizo zote. Kwa hiyo mteja hakupunjwa. Amepewa fedha isiyooza.

Na ulimi! Kwa desturi ya Kiingereza simba hupata ulimi na makucha mekundu hata kama havikutajwa, isipokuwa akiwa mwekundu yeye mwenyewe au amesimama juu ya nyekundu. Hapo huwa vya buluu. Kuna mteja aliniuliza kwa upole kama simba wake amelishwa sumu.

Lipo jambo vitabu vinalipita mbio. Tunasema buluu yoyote ni buluu, mchoraji achague. Buluu hadi wapi? Nikichanganya rangi karibu na dirisha hufika mahali nikasita, maana tone moja zaidi la nyeupe linanitupa kwenye buluu ya anga, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa rangi ya peke yake. Mpaka huo sijawahi kuuona umewekwa. Nakwenda kwa jicho, na jicho langu la asubuhi halikubaliani na la jioni. Vivyo hivyo blazoni ikisema tembo awe wa "rangi yake ya asili": ni yule wa kijivu, au aliyetoka kugaagaa kwenye udongo mwekundu?

Wala simlaumu mteja sana. Amekulia kwenye dunia ya logo, ambako rangi ina namba yake na ukiigusa unaandikiwa barua na mwanasheria. Hata taasisi zenye nembo za kale huchagua mchoro mmoja wakaufungia, na kwa matumizi ya kila siku pengine wana haki. Huwa najiuliza kama mimi na wenzangu ndio tumebaki tukibishania uhuru ambao hakuna anayeuhitaji tena.

Basi, utaratibu mpya. Kazi za makanisa, vyuo na miji naendelea nazo kwa sababu zinakuja na blazoni. Zinakuja na kamati pia, ambazo ni balaa la siku nyingine. Za watu binafsi nitachukua chache, kwa maandishi tu, na ukiambatanisha picha sitaifungua. Kama hujapewa nembo na unataka kubuni mpya, hiyo naipenda kuliko zote, alimradi usiniletee tai, simba, kitabu, mwenge na mizani kwenye ngao moja. Mliokwisha kutoa malipo ya awali foleni yenu iko palepale. Ngozi ya ndama ya kuchorea nimeshaikata, na ndama harudishwi.