Kung'ata midomo: kwa nini kuambiwa "acha" hakusaidii

Ni nadra mtu kuja kwenye kiti changu kwa sababu anang'ata midomo. Anakuja na jino linalouma, au kusafishwa meno, mimi ndiye ninayeuona mdomo wa chini: upande mmoja una ngozi iliyochanika, mwingine mzima kabisa. Nikimuuliza, jibu ni lile lile, "Aa, daktari, hiyo ni tabia tu." Na kabla sentensi haijaisha, meno ya juu yameshashuka na kubana kipande cha ngozi. Mwenyewe hana habari.

Ugumu wote uko hapo. Neno "acha" linamfaa mtu anayejua anachokifanya. Anayefanya bila kujua huambiwa mara kumi kwa siku, akaishia kuona aibu na kung'ata zaidi, maana aibu nayo ni wasiwasi, na wasiwasi ndio chakula cha tabia yenyewe. Ndiyo maana nawaomba wazazi na wenzi wapunguze kukemea.

Si wote wanaong'ata kwa namna moja. Wapo ambao kinywa kinafanya kazi peke yake wanaposoma, wanapoendesha gari au wanapokodolea simu macho. Wapo wengine wanaotafuta kwa makusudi: ulimi unapapasa, unakuta kijingozi kimesimama, na mtu hatulii mpaka kitoke. Kikitoka kuna nafuu fupi, halafu majuto. Wengi wana yote mawili. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 5 la mwaka 2013, unaitaja tabia hii pamoja na kung'ata kucha na kutafuna mashavu, na kuihesabu kuwa tatizo la kitabibu pale mtu anapojaribu kuacha mara kwa mara akashindwa, na maisha yake yakaathirika. Kung'ata mdomo siku ya mtihani si ugonjwa, tusitishane.

Sasa tuiangalie ngozi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanailaumu akili tu. Sehemu nyekundu ya mdomo ina ngozi nyembamba kuliko ya uso, na haina tezi za jasho. Mafuta ya asili yanayoilinda ni kidogo mno, kwa hiyo hukauka haraka. Ikikauka mtu anailamba. Mate yanapokauka huondoka na unyevu uliokuwepo, na vimeng'enya vya kusagia chakula vilivyomo kwenye mate vinaichokoza zaidi. Inapasuka, inatoa vigamba, ulimi unavigundua, meno yanavivuta. Kidonda kinafunga kigaga, na kigaga kinakwaruza kuliko ngozi ya kwanza. Ulimi una hisia kali ajabu. Kitu ambacho hukioni kwenye kioo, wenyewe unakiona kama mwamba. Basi mzunguko unajiendesha hata siku ambazo mtu hana wasiwasi wowote.

Kwa hiyo mimi huanza na ngozi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, safu nyembamba, mara nyingi kwa siku na kabla ya kulala. Mdomo ukiwa laini, ulimi unakosa cha kushika. Dawa za midomo zenye mentholi, kafuri au ladha ya matunda naziondoa: zile mbili za kwanza zinawasha, na ladha inamwalika mtu alambe. Kigaga kisimenywe, kilainishwe mpaka kidondoke chenyewe.

Kisha tabia. Njia ninayoiamini kuliko zote ilielezwa mwaka 1973 na wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, na kiini chake ni kwamba tabia haifutwi, inabadilishwa kwa kitendo kingine kisichoweza kufanyika pamoja nayo. Kwanza mtu anajifunza kujikamata. Kwa wiki nzima haachi kitu. Anaandika tu: saa ngapi, alikuwa akifanya nini, kipi kilitangulia. Mara nyingi kuna ishara ndogo kabla ya meno kushuka, kama taya kusogea mbele au kidole kugusa mdomo. Ishara hiyo ndiyo tunayoitaka.

Anapoihisi, anafunga midomo bila kuibana, meno ya juu na ya chini yakiwa yameachana kidogo, ncha ya ulimi ikitulia kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, huku akipumua taratibu kwa pua. Anakaa hivyo dakika moja au zaidi, mpaka hamu ipungue. Hakuna atakayemwona, hata akiwa kwenye kikao. Kama wasiwasi ni mzito, au majeraha ni ya kutisha, mwanasaikolojia aingie mapema. Mafuta ya mdomo hayatibu huzuni.

Upande wa meno nao usisahauliwe. Jino lenye ncha kali, kizibo cha jino kilichovunjika, au meno ya juu yanayofunika mno ya chini huweza kuuweka mdomo njiani kila mtu anapofunga kinywa. Hayo hurekebishwa. Wagonjwa wachache nawatengenezea kifaa cha plastiki cha kufunika meno usiku, lakini chenyewe peke yake hukinga ngozi tu. Mtoto aliyepigwa sindano ya ganzi ni jambo lingine kabisa: anautafuna mdomo kwa sababu hauhisi, hivyo aangaliwe na asile mpaka ganzi iishe, na hiyo ni saa kadhaa.

Kidonda kisichopona ndani ya wiki 2 kionwe na daktari, hata kama una hakika ulijing'ata. Vivyo hivyo doa jeupe mahali ambapo meno hayafiki. Na ukiona kiuvimbe laini, chenye rangi ya samawati, ndani ya mdomo wa chini, yaelekea kijitezi cha mate kimejeruhiwa na mate yamejikusanya chini ya ngozi. Usikitoboe kwa sindano. Kitanywea, kisha kitajaa tena. Vingine hupotea vyenyewe, na vinavyong'ang'ania huondolewa kwa upasuaji mdogo pamoja na kijitezi chake. Mwenye tabia ya kung'ata namwanzisha mazoezi kabla ya upasuaji huo, la sivyo huenda nikamwona tena na kiuvimbe kingine pembeni ya mshono.