Mume ana mpango wa kando, kitanda bado ni kimoja

Mapenzi yalipoa zamani, na sasa nimejua ana mwanamke mwingine huko Umoja. Bado tunakutana mara moja moja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye damu. Wengi hapa Nairobi huanza kwa kupekua simu, lakini simu haitakuonyesha ulichoachiwa mwilini. Kama mmekutana bila kondomu ndani ya saa 72 zilizopita, usingoje Jumatatu: nenda leo kituo cha afya uulize dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kukutana. Humezwa siku 28, na ukiwahi zinakinga vizuri zaidi. Saa hizo zikiwa zimepita, pima sasa kisha urudie baada ya miezi 3, maana kipimo cha kidole hukosa maambukizi mapya. Hadi hapo, kondomu au kila mtu na mto wake.

Yeye amepimwa, hana virusi. Si inatosha?

Majibu yake ni yake. Tena kipimo cha Ukimwi hakioni kaswende wala klamidia, ambayo kwa wanawake wengi haina dalili huku ikiharibu mirija ya uzazi. Omba pia uchunguzi wa mlango wa kizazi. Wakikuta HPV, kirusi cha ngono kinachoweza kuleta saratani ya mlango huo, usiifanye ushahidi wa kesi: kirusi hicho huweza kukaa kimya miaka mingi, labda kabla hamjajuana.

Nikitaja kondomu atasema ni mimi ninayetembea nje.

Hapo ndipo penye mwiba. Mwaka 2013 tangazo la runinga lililomhimiza mke mwenye mpango wa kando atumie kondomu lilitolewa hewani viongozi wa dini walipolalamika. Ikiwa taifa zima liliona aibu, sembuse wewe chumbani? Basi uliza kuhusu PrEP, kidonge cha kila siku cha kuzuia virusi. Haihitaji ruhusa ya mume. Kumbuka tu kwamba haizuii kaswende wala mimba. Na kama ni mtu wa kuinua mkono, usimkabili usiku mkiwa peke yenu. Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure, saa yoyote.

Silali, na chakula hakipiti.

Siku chache ni uchungu wa kawaida. Zikifika wiki 2 mfululizo, mwambie daktari wazi, usiseme "ni presha tu". Ukianza kuwaza kujiua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na dada au jirani unayemwamini akusindikize.