Je, wajua kwa nini A ya Kiingereza kidato cha nne huyumba kidato cha tano?

Mwanafunzi wa Tanzania anapata A ya Kiingereza kidato cha nne, anachaguliwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anaripoti shuleni kifua mbele. Jaribio la kwanza likirudishwa, anaikunja karatasi haraka jirani asione. Kiingereza chake ni kilekile. Maswali ndiyo yamegeuka.

Kule chini alitakiwa aitumie lugha: jaza nafasi, andika barua, geuza sentensi. Huku juu, karatasi ya kwanza ya mtihani inamtaka aifungue lugha yenyewe, kama fundi anavyofungua redio ambayo wengine wanaisikiliza tu. Chukua neno "unlockable". Anza na "lockable", yaani kinachofungika, kisha tanguliza "un-": mlango haufungiki, labda kitasa kimekufa. Sasa anza upya na "unlock", kufungua, kisha bandika "-able" nyuma: mlango unafungulika, lete ufunguo tu. Vipande ni vilevile, ila kwa kuwa kilichotangulia kuunganishwa si kimoja, maana zimeachana kabisa. Aliyemeza maana moja ya kamusi ataandika mstari mmoja akwame.

Wa HKL hawana hata kisingizio. Kipindi cha Kiswahili wanaichanachana "hawakupikiwa" bila jasho: ha-wa-ku-pik-i-w-a, huu mzizi, hiyo kauli ya kutendea, hiyo ya kutendwa. Kazi ni hiyohiyo. Sijui kwa nini wengi huuacha ujuzi huo nje ya mlango mwalimu wa Kiingereza akiingia.

Karatasi ya pili ni fasihi, na hapo madesa, yaani zile nukuu za muhtasari wa vitabu, ndiyo yanayowaangusha watu. Desa linakupa riwaya nzima kwa kurasa nne, nawe unaimwaga: kwanza alifukuzwa nyumbani, halafu akaenda mjini, mwishowe akafungwa. Msahihishaji hadithi anaijua. Akiuliza kama mhusika ameponzwa na jamii au na tamaa yake, anataka uchague upande, ulete tukio, kisha useme tukio hilo linathibitishaje hoja yako. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachorukwa sana. Jipime hivi: shika penseli, kata kila sentensi ya insha yako inayosimulia kilichotokea. Kama kimebaki jina lako na namba ya swali, hujajibu kitu.

Kwa hiyo desa lisubiri, kitabu chenyewe kitangulie. Na tamthiliya msiisome kimyakimya kila mtu kitandani kwake. Gawaneni wahusika, mmoja awe baba, mwingine binti, msome kwa sauti. Mtasikia nani anamkatiza nani, na nani ananyamaza pale alipopaswa kujibu. Mambo hayo desa haliandiki. Mwalimu wa zamu akija kuuliza kelele za nini bwenini, mpeni nafasi ya chifu.