Judengasse ya Frankfurt, mtaa uliokuwa unafungwa geti usiku

Wengi tukisikia jina Rothschild akili inaenda benki moja kwa moja, ila lile jina limetoka kwenye kibao cha nyumba. Maana yake ni ngao nyekundu, na nyumba yenye hicho kibao ilikuwa Judengasse, yaani Mtaa wa Wayahudi, Frankfurt, Ujerumani. Sisi watu wa makumbusho tunapenda kuanzia hapo kwa sababu zamani hizo nyumba ilijulikana kwa kibao, na mtu akachukua jina la nyumba. Familia ya Schiff nayo ni hivyohivyo, schiff ni meli.

Sasa huo mtaa wenyewe haukuanza kwa hiari. Mwaka 1462 baraza la mji liliwalazimisha Wayahudi wote wahame kutoka karibu na kanisa kuu wakakae kando ya ukuta wa mji, kamtaa ka mita kama 330 hivi, upana mita tatu nne tu, mageti matatu, na hayo mageti yanafungwa usiku, Jumapili na sikukuu za Kikristo. Walianza watu mia na kitu. Miaka 150 baadaye wako karibu 3,000 na eneo ni lilelile, halijaongezwa, kwa hiyo watu wakajenga kwenda juu, wakajenga uani, nyumba moja ikakatwa vipande viwili, vipande vinne, mpaka jua likawa halifiki chini.

Ukibanana hivyo, moto ukitokea umekwisha. Januari 1711 karibu mtaa mzima uliungua ndani ya siku moja. Na kabla ya moto huo hatari ilitoka kwa watu: 1614 kundi la muoka mikate mmoja, Vincenz Fettmilch, lilivamia mtaa, likapora, Wayahudi wakafukuzwa mjini, hadi 1616 Fettmilch alipouawa kwa amri ya Kaizari ndo wakarudishwa, na kwa miaka mingi walikuwa wanaisherehekea siku hiyo.

Mizinga ya Wafaransa ilichoma upande wa kaskazini mwaka 1796 na baada ya hapo kufungiana kule kukaanza kuisha. Waliopata hela wakahama, ila Gutle, mke wa Mayer Amschel Rothschild aliyeanzisha ile benki, aligoma kabisa, watoto wake wana majumba ya kifahari Ulaya nzima na yeye amebaki kwenye nyumba yake ya mtaani mpaka alipofariki 1849, ana miaka zaidi ya 90.

Baadaye nyumba zikabomolewa, mwaka 1885 mtaa ukapewa jina la mwandishi Ludwig Börne aliyezaliwa hapohapo, Wanazi wa Hitler wakaja wakalifuta na hilo jina. Halafu 1987, wakati mji unajenga ofisi, wachimbaji wakakuta misingi ya zile nyumba chini ya ardhi, wananchi wakaandamana isivunjwe, mwisho wakabakiza nyumba tano tu. Mi naona ilitakiwa zibaki zote, maana msingi ukishang'olewa haurudi. Hizo tano ziko makumbusho ya Judengasse, yaliyofunguliwa 1992, chini ya zile ofisi.

Ukitoka nje upo ukuta wa makaburi yao ya zamani, umepachikwa vipande vya chuma karibu 12,000, kila kimoja na jina la Myahudi wa Frankfurt aliyeuawa na Wanazi. Cha Anne Frank, yule msichana aliyeandika shajara akiwa mafichoni, kipo. Wageni huweka vijiwe juu yake, ndiyo desturi ya Kiyahudi ya kukumbuka marehemu.