Muuaji wa mfululizo si kila aliyeua wengi

Mtu anaingia mahali na bunduki, anaua saba ndani ya robo saa, na taarifa ya habari ya jioni tayari imeshamwita "muuaji wa mfululizo". Hapana. Huyo ameua wengi kwa mpigo. Wa mfululizo ni yule anayeua watu wawili au zaidi katika matukio yaliyoachana. Ndivyo walivyokubaliana wataalamu waliokutana San Antonio mwaka 2005 kwa mwaliko wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Kabla yake sheria ya Marekani ya 1998 ilitaka maiti watatu. Kama idadi yenyewe inabadilika hivyo, basi kiini hakiko kwenye idadi. Kiko kwenye muda ulio katikati ya kuua na kuua tena.

Wamarekani hupenda kusema dhana hii ilizaliwa kwao miaka ya 1970, wakamtaja Robert Ressler wa FBI. Lakini Ernst Gennat, mpelelezi wa mauaji wa polisi ya Berlin, alishaitumia kwa Kijerumani mwaka 1930, akiandika habari za Peter Kürten, muuaji wa Düsseldorf. Kürten alikuwa na mke nyumbani, na mke huyo hakujua lolote mpaka mumewe alipomwambia kwa kinywa chake.

Anayeonyesha vizuri kuliko wote tofauti hii ya mpigo na mfululizo ni Dennis Rader wa Wichita, Kansas. Tarehe 15 Januari 1974 aliua watu wanne wa familia moja: baba, mama na watoto wawili. Angekamatwa alasiri ile, leo angehesabiwa miongoni mwa walioua wengi kwa mpigo na mjadala ungeishia hapo. Hakukamatwa. Alirudi kwa mkewe. Akaua tena mwaka huohuo, kisha mara mbili 1977, halafu 1985, 1986 na 1991: jumla watu 10. Hesabu mapengo hayo. Miaka saba na zaidi kati ya mwishoni mwa 1977 na 1985 ni ya kwenda kazini, kulea na kusali. Ndiyo maana huwezi kumweleza muuaji wa mfululizo bila kueleza siku zake za kawaida. Bila siku hizo hakuna mfululizo wowote.

Na hapa linakuja lile linaloniudhi zaidi: "aliishi maisha mawili". Husemwa kana kwamba kulikuwa na Rader wa kanisani, bandia, na Rader wa kweli aliyekaa gizani akisubiri zamu yake. Tazama alivyoishi. Kuanzia mwishoni mwa 1974 hadi 1988 alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya ADT, akifunga ving'ora vya kuzuia wezi katika nyumba za watu, na wapo waliovinunua kwa sababu walimwogopa yeye bila kumjua. Baadaye akawa afisa wa mji mdogo wa Park City, kazi ya kukamata mbwa wanaozurura na kuwasumbua wenye nyumba ambao majani ya uani yamerefuka. Mwaka 1985 alikuwa kambini na watoto wa skauti. Akaaga kwa kisingizio cha kuumwa kichwa, akaenda kumuua mwanamke wa mtaani kwake, kisha akaupeleka mwili kwenye kanisa lake la Kilutheri ili aupige picha. Niambie hapo maisha ya kwanza yanaishia wapi na ya pili yanaanzia wapi.

Hata kukamatwa kwake kulipitia mlango huohuo. Baada ya ukimya mrefu alianza tena mwaka 2004 kuwaandikia polisi na vyombo vya habari, akitumia jina alilojipa mwenyewe, BTK, yaani funga, tesa, ua. Aliwauliza polisi kama disketi, kile kisahani cha zamani cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, inaweza kumfichua. Wakamjibu kwa tangazo la gazeti kwamba hakuna tatizo. Februari 2005 akaituma kwenye kituo cha televisheni, na ndani yake, katika faili lililofutwa, mafundi wakakuta jina "Dennis" na jina la kanisa. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa, na kompyuta ya kanisa aliitumia kwa shughuli zote mbili. Alipokamatwa alilalamika kwa mpelelezi Ken Landwehr kwamba amemdanganya. Mtu aliyeua kumi, anadai ukweli!

Mwezi Agosti mwaka huo alihukumiwa vifungo 10 vya maisha vinavyofuatana.

Kwa hiyo, ndugu zangu watangazaji, yule wa robo saa mwiteni muuaji wa watu wengi, inatosha. Na mkimfikia mtu wa aina ya Rader, msituambie "kumbe alikuwa muuaji" kana kwamba lile kanisa lilikuwa kofia tu. Alikuwa mtu wa kanisa kweli, na muuaji kweli, wiki hiyohiyo. Hilo la "kumbe" waachieni majirani, maana wao ndio hawakujua.